Deni Lililofutwa: Tunu ya Kwanza ya Mkristo

Mhadhara huu unaanzia mwaloni. Katunguru ni kijiji cha wavuvi kando ya Mfereji wa Kazinga, maji yanayounganisha Ziwa George na Ziwa Edward, na barabara itokayo Mbarara kwenda Kasese huvuka hapo kwa daraja. Kijiji kimezungukwa na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, hivyo watu wake hutegemea wavu kuliko jembe, na viboko ni majirani wa kila siku. Asubuhi, mitumbwi ikisharudi, mvuvi huketi kivulini na kuutandaza wavu juu ya miguu yake. Huubana kwa kidole gumba cha mguu, akauvuta ukakazika, kisha sindano yenye uzi wa nailoni hupita jicho kwa jicho. Macho yake hayatafuti pale wavu ulipo mzima. Yanatafuta tundu.

Yesu alifundisha watu wa kazi hiyo hiyo. Katika sura ya 13 ya Injili ya Mathayo, mfano wa mfanyabiashara aliyeuza vyote ili anunue lulu moja unafuatwa mara moja na mfano wa juya lililotupwa baharini. Lulu na wavu vimewekwa bega kwa bega. Basi Mkristo wa Katunguru, wa Kasese mjini au wa Bwera mpakani ana haki ya kuuliza: katika mengi niliyopokea kanisani, lulu yenyewe ni ipi?

Majibu huja upesi. Mmoja hutaja dhehebu alilozaliwa ndani yake. Mwingine hutaja kanisa la matofali ambalo waumini wamelichangia miaka mingi na bado mabati hayajatimia. Wapo wanaotaja miujiza na upako, na wazee hutaja Biblia iliyochakaa kwa kufunuliwa. Kila kimoja kina heshima yake, lakini vyote vinasimama juu ya jambo moja, nalo ni msamaha: kwamba Mungu, kwa msalaba wa Yesu Kristo, amemfutia mwanadamu deni ambalo asingeweza kulilipa. Hiyo ndiyo tunu ya kwanza, na mtu huijua thamani yake siku anapotakiwa kumfutia mwenzake.

Historia ya Uganda inaonyesha yanayotokea tunu ya pili inapokalishwa kiti cha kwanza. Tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga, vijana Wakatoliki na Waanglikana walichomwa moto pamoja huko Namugongo. Mashahidi wa mateso ya miaka ile wanahesabiwa kuwa 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Moto haukuwabagua. Lakini tarehe 24 Januari 1892, kabla miaka 6 haijatimia, ndugu na marafiki wa mashahidi hao walipigana kwa bunduki pale Mengo, Wakatoliki wakiitwa Wafransa na Waprotestanti wakiitwa Waingereza. Waligombania vyeo, ardhi na sikio la Kabaka. Kapteni Lugard, afisa Mwingereza, aliwasaidia Waprotestanti kwa bunduki ya Maxim. Ni Lugard yule yule ambaye mwaka 1891 alitokea Ankole akafika Katwe, kwenye ziwa la chumvi jirani na Katunguru, akajenga ngome. Ufa ule kati ya Wakatoliki na Waprotestanti ulidumu. Hata vyama vya siasa vya wakati wa uhuru, DP na UPC, viligawana wafuasi kwa sehemu kubwa kati ya Wakatoliki na Waanglikana. Jina la dhehebu lilikuwa limethaminiwa kuliko damu iliyomwagika pamoja.

Katika kizazi hicho hicho cha vita alitoka mtu ambaye milima ya Rwenzori haipaswi kumsahau.

Alizaliwa Buganda karibu mwaka 1864, pacha, ndiyo maana akaitwa Waswa. Alishika silaha katika vita vya dini. Mwaka 1895 alibatizwa akachukua jina la Apolo, na watu wakamwongezea lakabu ya Kivebulaya, yaani kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu ya vazi la kizungu alilopenda kuvaa. Alitumwa Toro, na mwaka 1896 akavuka Mto Semliki kwenda Mboga, ambako leo ni mashariki ya Kongo. Walimu wawili waliomtangulia walikuwa wameshindwa kukaa kwa sababu watu waliwanyima chakula. Chifu wa huko, Tabaro, hakumtaka yeye pia. Apolo alipigwa, na nyumba yake ikachomwa moto.

Likatokea baya zaidi. Dada wa chifu aliangukia mkuki wakati wa kazi ya ujenzi, akafa, na Apolo akashtakiwa kuwa ndiye aliyemuua. Alifungwa, akapelekwa Fort Portal. Alisimulia baadaye kwamba katika siku za mateso hayo Kristo alimtokea aking'aa kama jua, akamtia moyo. Akaachiwa huru.

Hapa ndipo msomaji asimame kidogo. Mtu huyu alikuwa huru. Toro kulikuwa na kazi ya kutosha, kulikuwa na mfalme Daudi Kasagama aliyekuwa ameshabatizwa mwaka ule wa 1896, kulikuwa na makanisa yanayomheshimu mwalimu. Hakuna ambaye angemlaumu kama angekataa kuliona tena jua likichwea Mboga. Apolo alirudi Mboga, kwa chifu yule yule. Na Tabaro, aliyekuwa amemtesa, alibatizwa.

Hakuna silaha iliyofanya kazi hiyo. Askari wa jana angeweza kuomba askari wa serikali wamsindikize na kumwadhibu chifu, na wapo wamisionari wa enzi ile waliofanya hivyo mahali pengine. Apolo alirudi na kitu kimoja ambacho Tabaro hakuwa amekiona kwa mgeni yeyote: aliyeonewa anarudi bila kudai fidia. Chifu aliuona msamaha wenyewe, si mahubiri yake tu. Baadaye Apolo alipewa ukasisi mwaka 1903, akaingia msitu wa Ituri kwa Wambuti mwaka 1921, akafa Mboga tarehe 30 Mei 1933.

Ushahidi wa pili unatoka kwa walokole, yaani waliookoka. Septemba 1929, kilimani Namirembe, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda, walikaa pamoja siku mbili wakisoma Biblia na kuomba. Kutoka hapo uamsho ulienea Rwanda, Kigezi, Burundi, Kenya na Tanganyika. Wimbo wa Tukutendereza ulijulikana hata kwa wasiojua Kiganda. Jambo la kuangalia ni mikono ya watu hao zaidi ya sauti zao. Walirudisha ng'ombe walioiba. Walilipa madeni yaliyokwisha sahauliwa na wadai. Mwafrika alimwambia mmisionari Mzungu waziwazi kwamba alikuwa akimchukia, na Wazungu kadhaa walikiri dharau yao mbele ya watu waliozoea kuwaamuru. Aliyejua kwamba amesamehewa hakuona tena haja ya kuficha.

Uamsho huo nao ulipata tundu zake, na haki inadai zisemwe. Mwaka 1941 wanafunzi wa Chuo cha Bishop Tucker, Mukono, akiwemo William Nagenda, walifukuzwa katika mgogoro na viongozi wao. Pengine pengine ushuhuda wa wokovu uligeuka kipimo cha kupimia wengine: huyu ameokoka, yule bado. Neema ikisha kuwa beji ya kifuani, imeshaacha kuwa neema.

Kisha ukaja mwaka 1977. Askofu Mkuu Janani Luwum na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin barua ya kupinga mauaji na uonevu. Tarehe 16 Februari Luwum aliuawa, pamoja na mawaziri Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ilitangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Namirembe waumini walichimba kaburi kando ya kaburi la Askofu Hannington, lakini mwili haukutolewa. Ulipelekwa kuzikwa Mucwini, kaskazini. Watu wakasimama na kuimba kando ya kaburi lisilo na maiti, na wengi wao wakakumbuka asubuhi ya Pasaka.

Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alivuka milima kwa miguu na mkewe Mera hadi Rwanda. Alipofika London, katika ibada ya Ijumaa Kuu, aligundua kwamba moyo wake ulikuwa umejaa chuki kwa Amin, na kwamba hawezi kuuhubiri msalaba akiwa na chuki hiyo. Alimsamehe, na mwaka huo huo akatoa kitabu ambacho jina lake lilisema wazi kwamba anampenda Idi Amin. Wakimbizi wengi walikasirika, na walikuwa na sababu. Lakini Kivengere hakuacha hata siku moja kueleza dunia ukatili wa serikali ile. Alisamehe na kushitaki kwa mdomo mmoja.

Hilo linajibu pingamizi kwamba kusamehe ni kuunyamazia uovu, pingamizi ambalo watu wa Bwera wana haki ya kulitoa kuliko wengine. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka katika kanisa la Kipentekoste Kasindi, ng'ambo tu ya mpaka, waumini wakiwa katika ibada ya ubatizo. Watu zaidi ya 10 walikufa. Usiku wa tarehe 16 Juni mwaka huo huo wapiganaji wa kundi la waasi la ADF waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe. Waliua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Wavulana waliteketea bwenini, wasichana walikatwa kwa mapanga. Mbele ya mzazi aliyempeleka mtoto shule akarudishiwa mabaki, mhubiri anayesema samehe kwa wepesi anakosa adabu.

Yesu mwenyewe hakuwa mwepesi. Katika Mathayo 18 anasimulia mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000, akatoka nje akamkaba mwenzake kwa dinari 100. Wahubiri wengi huzitaja dinari 100 kama senti za mchezo, na hapo hukosea. Dinari 1 ilikuwa ujira wa siku, kwa hiyo deni lile lilikuwa jasho la zaidi ya miezi 3. Mvuvi wa Katunguru anayedaiwa na tajiri mwenye mtumbwi anaelewa uzito huo. Yesu hakusema mwenzako hakukukosea. Talanta 1 ilikuwa kama dinari 6,000, basi hesabu mwenyewe ulichofutiwa: hiyo ndiyo maana ya mfano. Kosa la mwenzako linabaki kosa zito, na mahakama ina kazi yake, na jeshi lina kazi yake ya kulinda shule. Kinachoondoka ni dai la moyo la kulipiza, hasa kulipiza kwa asiyehusika.

Na asiyehusika ana jina na duka. ADF hujiita wapiganaji wa Uislamu, ilhali Waislamu wa Bwera na Kasese walitishwa na mapanga yale yale. Mkristo anayemnyima salamu jirani yake Mwislamu kwa ajili ya Lhubiriha amemkaba mtu ambaye hata dinari 1 hamdai.

Maombi ya mhadhara huu kwa makanisa ya Kasese, Bwera na Katunguru ni machache. Tarehe 3 Juni mahujaji hutembea kwa miguu hadi Namugongo, na ni vema. Siku 13 baadaye ni tarehe 16 Juni. Siku hiyo, kila mwaka, Mkatoliki, Mwanglikana na Mpentekoste watoke pamoja, wawapitie majirani zao Waislamu, waende kukaa na wazazi wa Lhubiriha. Wasiende na mahubiri. Waende na chakula, wakae hadi jioni, na mzazi akitaka kulia, wamwache alie.