Historia Iko Njiani: Safari ya Kutoka Ayany hadi Lari

Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi wa Ayany, Kibera. Yamechapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi wote wa kaunti.



Utalii ukitajwa, wengi hufikiria mbuga ya wanyama au ufuo wa Mombasa, kisha husema hawana pesa za mambo hayo. Lakini kuna safari ambayo mkazi wa Ayany anaweza kuifanya kwa siku mbili, kwa matatu au kwa gari la jirani, na ikamfunza zaidi ya mbuga. Ni safari ya kutembelea mahali ambapo Wakenya walipigana wao kwa wao.

Shuleni, vita vya Mau Mau hufundishwa kama vita vya kumwondoa Mwingereza. Hilo ni kweli. Hali ya hatari ilitangazwa na Gavana Evelyn Baring tarehe 20 Oktoba 1952, na serikali ya kikoloni ikawanyonga watu zaidi ya 1,000. Lakini ndani ya vita hivyo kulikuwa na vita vingine. Walowezi wa Kizungu waliouawa walikuwa 32. Waafrika waliokufa walikuwa maelfu, na wengi waliuawa na Waafrika wenzao. Kijiji kimoja kilitoa vijana wa kwenda msituni, na kijiji hicho hicho kikatoa homgadi wa kuwawinda. Kuna nyumba zilizogawanyika baba huku na mwana kule.

Siku ya kwanza ya safari haitoki nje ya Nairobi, na kituo cha kwanza ni jirani: Lang'ata. Jumamosi, tarehe 24 Aprili 1954, kabla ya mapambazuko, wanajeshi na polisi wapatao 25,000 waliuzingira mji huu. Msako huo uliitwa Operesheni Anvil, chini ya Jenerali George Erskine. Nyumba zilipekuliwa moja baada ya nyingine. Watu walitengwa kwa kabila: Wakikuyu, Waembu na Wameru upande mmoja, wengine wakaachiliwa. Waliotengwa walipelekwa kwenye kambi ya Lang'ata kuchujwa. Zaidi ya 20,000 waliishia kizuizini, wengi wakisafirishwa hadi kambi za Mackinnon Road na Manyani, kando ya reli ya Mombasa.

Katika uchujaji huo walitumiwa watu waliovikwa magunia kichwani, yaliyotobolewa matundu ya macho. Mshukiwa alipitishwa mbele ya gunia. Likitikisa kichwa, alikuwa amekwisha. Aliyekuwa ndani ya gunia hakuwa Mzungu. Mara nyingi alikuwa mtu aliyemfahamu mshukiwa vizuri: waliishi pamoja, au walifanya kazi pamoja.

Kutoka Lang'ata, safari iende Eastlands: Bahati, Kaloleni, Shauri Moyo, Pumwani. Hiyo ndiyo mitaa iliyosakwa vikali siku ile. Nyumba nyingi za Kaloleni za wakati wa ukoloni zingali zimesimama, na anayepita anaweza kuona jinsi vyumba vilivyokuwa karibu karibu. Baada ya msako, vyumba na nafasi za kazi zilizobaki wazi zilichukuliwa na watu wa makabila mengine. Hawakuwa wamemkosea mtu. Walikuwa wanatafuta riziki. Hata hivyo, swali la nani alichukua nafasi ya nani lilibaki mjini baada ya wanajeshi kuondoka.

Mchana, rudini katikati ya mji. Kwenye Barabara ya Kimathi imesimama sanamu ya Dedan Kimathi, iliyozinduliwa mwaka 2007, miaka 50 tangu anyongwe katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kaburi lake halijapatikana hadi leo. Kutoka hapo, tembeeni hadi Uhuru Park. Pale kuna mnara uliozinduliwa Septemba 2015, baada ya serikali ya Uingereza kueleza masikitiko yake mwaka 2013 na kukubali kuwalipa fidia wahanga 5,228 wa mateso. Uangalieni kwa makini. Mwanamke anampa mpiganaji chakula, lakini kila mmoja ametazama upande wake. Hawatazamani usoni, ili akikamatwa mmoja asiweze kumtaja mwenzake.

Siku ya pili ni ya Lari, katika Kaunti ya Kiambu. Fuateni barabara ya Southern Bypass, ambayo inapita kando ya Kibera, hadi upande wa Kikuyu, kisha mshike barabara kuu ya Nakuru hadi Kimende. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, wapiganaji walivamia boma za chifu wa zamani, Luka Kahangara, na za familia za homgadi. Nyumba zilifungwa kwa nje zikachomwa. Zaidi ya watu 70 walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Nyuma ya chuki hiyo kulikuwa na ugomvi wa ardhi wa miaka mingi: watu walihamishwa kutoka Tigoni ili kuwapisha walowezi, na waliokubali kuhama wakaonekana wasaliti. Usiku huo huo kisasi kilianza, na watu wengi zaidi wakauawa.

Lakini Lari haikuishia hapo. Miaka mingi baadaye, wazee waliokuwa Mau Mau na wazee waliokuwa homgadi waliketi pamoja wakaanzisha makumbusho ya amani pale Kimende. Waliweka vitu vya pande zote mbili chini ya paa moja. Hawakukubaliana kuhusu kila kilichotokea. Walikubaliana kwamba wajukuu wao wasije wakarithi ugomvi bila kujua ulikotoka.

Hapo ndipo safari inaporudi nyumbani. Watu wazima wengi wa Kibera wanakumbuka mwisho wa mwaka 2007 na mapema mwaka 2008: reli iliyong'olewa, soko la Toi lililoteketea, majirani walioulizana lugha za mama zao. Nchini kote zaidi ya watu 1,100 walikufa kabla ya mkataba wa Februari 28. Waliokuwa watoto wadogo wakati huo sasa wanapiga kura. Wengi wameyasikia mambo hayo kwa minong'ono tu, kutoka upande mmoja tu. Huo ndio urithi ambao wazee wa Lari waliuogopa.

Kwa wanaotaka kwenda, mashauri ni machache. Nendeni kwa kikundi, na kikundi kiwe na watu wa makabila mbalimbali. Mchukueni mzee mmoja na vijana kadhaa. Kabla ya kwenda Kimende, ulizeni kwanza kama makumbusho yamefunguliwa. Msipige picha za magereza wala kambi za jeshi. Katika mitaa ya watu, ombeni ruhusa kabla ya kuingia uani. Chukueni daftari, kwa sababu wazee waliokuwa watu wazima mwaka 1954 sasa wana miaka 90 na zaidi, na kila mwaka wanapungua.

Mkirudi Ayany, msitawanyike pale stejini. Ketini, hata kama ni kwa kikombe cha chai, na kila mmoja aseme alichokiona. Kisha wakubwa wawaeleze vijana mwaka 2008 ulivyokuwa katika mtaa huu, na kila mmoja aeleze sehemu yake, pamoja na ile asiyojivunia. Wazee wa Lari walichukua karibu miaka 50 kufika hapo. Ayany haina haja ya kungoja muda huo wote.