Joto la Hewa na Joto la Chakula: Ukaushaji wa Embe na Nyama kwa Kikaushio cha Umeme Nyumbani

Utangulizi

Ukaushaji wa vyakula ni maarifa ya siku nyingi katika Afrika Mashariki. Wasukuma hukausha viazi vitamu kwa njia mbili, ya kuvikata vibichi na kuvianika, ambavyo huitwa michembe, na ya kuvichemsha kwanza ndipo vikatwe na kuanikwa, ambavyo huitwa matobolwa. Watu wa pwani humpasua samaki wakamfanya ng'onda. Na jamii za wafugaji wa kaskazini mwa Kenya zina nyirinyiri, yaani nyama inayokatwa vipande vyembamba, ikaanikwa, kisha ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta. Kilicho kigeni ni kikaushio cha umeme, ambacho kwa maelezo mepesi ni sanduku lenye trei za wavu, koili ya kupasha joto, feni ya kusukuma hewa na kidhibiti joto kinachoiwasha na kuizima koili ili joto lisipite kiwango kilichochaguliwa. Mada hii inatetea hoja kwamba namba inayosomeka kwenye mashine hiyo ni joto la hewa wala si joto la chakula, na kwamba tofauti hiyo, ambayo kwa embe haina uzito mkubwa, kwa nyama inaweza kuleta maradhi.

Maji huru na kazi ya hewa

Vijidudu vinavyoharibu chakula huhitaji maji, lakini si maji yote yaliyomo katika chakula yanayovifaa. Wataalamu hutenganisha jumla ya maji na kile kinachoweza kuitwa maji huru, yaani sehemu ya maji ambayo haikushikwa na sukari, chumvi au protini, na ambayo kwa hiyo vijidudu vinaweza kuitumia. Kipimo chake huanzia 0 hadi 1, maji matupu yakiwa na 1. Bakteria wengi hushindwa kuongezeka chini ya 0.91; Staphylococcus aureus, bakteria anayezalisha sumu katika chakula, hustahimili hadi karibu 0.86, ukungu huvumilia ukavu zaidi, ila chini ya 0.60 hakuna kijidudu kinachoongezeka. Neno la kuzingatia hapa ni "kuongezeka", kwa sababu kijidudu kilichonyimwa maji si lazima kife: Salmonella, kwa mfano, huweza kukaa hai muda mrefu ndani ya chakula kikavu.

Watu wengi hudhani kwamba kinachokausha ni joto, ilhali joto ni msaidizi tu wa hewa. Hewa ya Dar es Salaam yenye nyuzi 30 za sentigredi na unyevu wa asilimia 80, yaani hewa iliyokwisha kubeba sehemu nne kati ya tano za mvuke inaoweza kuubeba, haina nafasi kubwa ya kupokea maji ya embe hata ikipuliziwa kutwa nzima. Hewa hiyo hiyo ikipashwa hadi nyuzi 57, bila kuongezewa wala kupunguziwa mvuke, unyevu wake hushuka hadi takribani asilimia 20, kwa kuwa uwezo wake wa kubeba mvuke umekua mara nne hivi. Kazi ya koili ni kuipa hewa kiu, na kazi ya feni ni kuiondoa ile iliyokwisha kushiba. Ndiyo maana mwanika embe wa pwani hupata taabu ambayo mwanika michembe wa Shinyanga wakati wa kiangazi haijui, hasa kwa kuwa embe nyingi huiva kuanzia Novemba, vuli ikiwa bado inanyesha. Chakula kinachochelewa kukauka kwa sababu ya mvua huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu, sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Mlipuko wa mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, uliotokana na mahindi yenye sumukuvu, uliathiri watu 317 na kuua 125 miongoni mwao.

Embe

Embe husamehe makosa mengi. Asidi na sukari yake huzuia bakteria wengi, na vipande vinapopungua maji sukari inayobaki huzidi kuyashika maji yaliyosalia. Embe inayofaa ni ile iliyoiva lakini bado ngumu kidogo, na isiyo na nyuzinyuzi nyingi, kwani nyuzi ambazo katika embe isiyokaushwa hazisumbui hugeuka kamba mdomoni embe ikishakauka. Kwa sababu hiyo ngowe huwa chaguo bora kuliko embe nyingi za kienyeji. Vipande vikatwe kwa unene wa milimita 5 au 6 na, jambo ambalo ni muhimu kuliko unene wenyewe, vilingane, kwa sababu trei yenye vipande vya unene tofauti haitakauka kwa wakati mmoja hata mashine iwe ya bei gani. Kuvitumbukiza kwa muda mfupi katika maji ya ndimu hupunguza weusi unaoletwa na vimeng'enya, ambavyo ni protini zinazoharakisha mabadiliko ndani ya tunda baada ya kukatwa.

Joto la nyuzi 57 linatosha. Anayepandisha hadi 75 ili amalize haraka hupata kinyume cha alichotafuta: uso wa kipande hukauka kabla ya maji ya ndani kufika nje, ganda gumu likajitanda, na maji yakafungiwa humo ndani, hivyo kipande kinachoonekana kikavu siku ya kwanza huota ukungu kikiwa kwenye chupa. Hapa mizani ya jikoni ina faida kuliko saa. Nyama ya embe ina maji kiasi cha asilimia 83, kwa hiyo katika gramu 1,000 za vipande vilivyomenywa mna gramu 170 tu zisizo maji. Vipande vinavyotakiwa kubaki na unyevu wa asilimia 15 vitakuwa tayari uzito ukishuka hadi gramu 200, iwe baada ya saa 7 au 12. Baada ya hapo hutiwa katika chupa hadi theluthi mbili ya ujazo, hufunikwa, na hutikiswa kila siku kwa muda wa juma moja ili vipande vyenye unyevu zaidi vivigawie vikavu. Matone yakionekana kwenye kioo cha chupa, vyote hurudishwa kwenye trei.

Nyama

Nyama haina asidi ya tunda wala sukari yake, na huweza kufika jikoni ikiwa tayari na bakteria kutoka machinjioni au kwenye kisu cha bucha, hata kama ina muhuri wa mkaguzi. Tatizo lake linaeleweka vizuri zaidi kwa kuutazama mtungi wa udongo: maji ya mtungini hupoa kwa sababu yale yanayopenya na kukauka kwenye uso wa mtungi huondoka na joto. Kipande cha nyama mbichi ndani ya kikaushio ni mtungi mdogo. Mashine inaweza kuonyesha nyuzi 60 huku nyama yenyewe ikiwa chini ya hapo kwa saa kadhaa, yaani katika uvuguvugu ambao bakteria huupenda. Na wakati nyama inapofikia joto la hewa hatimaye, imekwisha kukauka, na bakteria waliobaki katika ukavu huwa wagumu kuuawa na joto kuliko walivyokuwa katika nyama yenye maji. Mwaka 1995 katika jimbo la Oregon, Marekani, nyama ya kulungu iliyokaushwa nyumbani ilisababisha mlipuko wa E. coli O157:H7, bakteria anayeleta kuhara damu na wakati mwingine kuharibu figo.

Kwa sababu hiyo Idara ya Kilimo ya Marekani hushauri nyama ifikishwe nyuzi 71 ndani ya kipande, na kuku nyuzi 74, kabla ya kuingia kwenye kikaushio kinachodumisha nyuzi 54 hadi 60. Njia rahisi nyumbani ni kuchemsha mchanganyiko wa viungo, chumvi na siki, kutumbukiza humo vipande visivyozidi milimita 6, kuvirudisha kwenye mchemko kwa dakika 5, kisha kuvipanga kwenye trei. Kipimajoto cha kuchoma kwenye nyama si anasa katika kazi hii. Nyama iwe steki isiyo na mafuta, kwa kuwa mafuta hayakauki bali huharibika na kutoa harufu kali. Itakuwa tayari inapopindwa ikapasuka bila kukatika, na kwenye chombo kilichofungwa haifai kuachwa nje ya jokofu zaidi ya wiki mbili.

Wapo watakaolalamika kwamba nyama iliyochemshwa si nyama kavu halisi, na ni kweli kwamba ladha na ulaini wake hubadilika. Lakini nyirinyiri nayo haiishii juani. Hupita kwenye mafuta ya moto, na mafuta hayo hayo huifunika isipate hewa. Wapishi wake waliiweka hatua ya moto baada ya kuanika badala ya kabla, na mtumiaji wa kikaushio anaweza kufuata mpangilio huo kwa kuiingiza nyama iliyokwisha kukauka katika oveni ya nyuzi 135 kwa dakika 10.

Umeme na jua

Mashine ya wati 500 ikifanya kazi saa 10 mfululizo hula uniti 5 za umeme, ingawa kidhibiti joto kikiizima koili mara kwa mara kiasi hicho hupungua. Kwa kaya ya Tanzania iliyo katika daraja la watumiaji wadogo, wanaopata uniti 75 kwa mwezi kwa bei nafuu, mizunguko 15 ya namna hiyo inaweza kumaliza uniti zote kabla taa moja haijawashwa. Mwandishi wa mada hii haoni sababu ya kaya ya Dodoma au Singida kutumia umeme kukausha matunda wakati wa kiangazi, iwapo sanduku la jua lenye kifuniko cha nailoni angavu na matundu ya hewa linaweza kuifanya kazi hiyo, alimradi matunda yenyewe yasipigwe na jua moja kwa moja, kwani mwanga wa jua huharibu karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kikaushio cha umeme kibaki kwa ajili ya nyama, na kwa embe za siku za mvua.