Tamasha la Waandishi na Sufuria ya Nyumbani

(Yafuatayo ni maneno aliyoyasema mama mmoja, mwandishi mchanga, mbele ya wapenda vitabu wa Mwananyamala.)



Nashukuru kwa kupewa nafasi hii, ingawa sijatoa kitabu hata kimoja. Ninayo madaftari matatu ya hadithi, na la nne nimefika katikati. Waliokwisha kuchapishwa wasinicheke. Nao walianzia kwenye madaftari.

Wazee husimulia kuwa jina la mtaa wetu latokana na Kizaramo: mwana, nyamala, yaani, mtoto, nyamaza. Kama ndivyo, basi mimi ni mkazi halali wa hapa, maana hayo ndiyo maneno yangu ya kila usiku baada ya saa tatu, nikishika kalamu naye kitinda mimba hataki kulala. Sura ya pili nzima niliiandika mtoto yu mgongoni.

Mmeniomba niseme habari ya safari yangu. Huko Nairobi lipo tamasha la waandishi liitwalo Macondo, lililoanza mwaka 2019 katika jumba la Kenya National Theatre. Mara ile ya kwanza waliitwa waandishi wa Afrika waandikao Kireno, wakaketi pamoja na wenzao wa huku kwetu. Mimi sina mwaliko. Nataka kwenda kusikiliza. Nataka kumwona mtu aliyemaliza kitabu akiulizwa alikwama wapi na alijinasua vipi. Kwenye simu waweza kumtazama, lakini huwezi kumngojea mlangoni ukamwuliza lako.

Tamasha ni siku 3, Ijumaa mpaka Jumapili. Kwa mtu wa Nairobi ni siku 3 kweli. Kwangu mimi ni 5, kwani basi lapita Arusha na Namanga, na kwenda kwamaliza siku nzima, na kurudi vivyo hivyo. Nina watoto watatu, na kila alfajiri nakaanga vitumbua vya kuuza. Siku 5 bila vitumbua ni fedha ya twisheni imekwenda.

Sasa niseme kosa langu, maana ndilo lililonileta mbele yenu. Mara ya kwanza nilipotaka kwenda, nilificha. Nilitia fedha kidogo kidogo katika kibubu, nikakiweka nyuma ya ndoo ya unga, nikakusudia kumwambia baba watoto wiki ya safari, asipate muda wa kukataa. Akakiona kibubu kabla. Tuligombana, ndugu zangu, na majirani walisikia. Lakini hakuuliza habari ya Nairobi. Aliuliza, "Madaftari haya yana nini hata ukanificha?" Hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja, wala mimi sikuwa nimempa. Wiki ile ile mtoto akashikwa na homa, kibubu kikavunjwa, dawa zikanunuliwa. Sikwenda. Sisemi ilikuwa adhabu. Homa hazina habari na tamasha.

Baadaye nikampa daftari la kwanza. Alilisoma siku nne. Akaniambia yule muuza samaki wangu anasema kama shangazi yake, akacheka. Kisha akauliza, "Na vitumbua atakaanga nani?" Hapo nikaona tumeanza kuzungumza.

Aliyenishangaza ni mama mkwe. Yeye hasomi hadithi. Nilidhani atasema mwanamke mwenye watoto halali ugenini. Akasema enzi za ujana wake wanawake wa mjini hapa walikwenda kwenye ngoma zao usiku, wenye watoto wachanga wakawabeba, waliobaki wakalala kwa jirani, na juma lijalo jirani naye akaenda. Nami nikakumbuka kuwa Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba kabla ya kuingia TANU, na mwaka 1955 wanawake wa vikundi kama hivyo ndio aliowaendea kwanza kuwaandikisha. Basi kutoka nyumbani kwa ajili ya sanaa si jambo tulilojifunza juzi kwa wageni. Tulichopoteza ni ile zamu ya jirani.

Wako watakaosema: mwandishi wa kweli huandika nyumbani, tamasha la nini? Ni kweli, Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake. Shaaban Robert alikuwa karani, alifiwa na mke, akaandika tenzi za kuwausia watoto wake. Nyumba haikuwazuia, ndiyo iliyowapa la kusema. Lakini Shaaban Robert alikuwa na wenzake wa kujibizana nao kwa mashairi magazetini. Mimi nina nani baada ya saa tatu usiku? Nina taa na mbu.

Basi mapatano yetu ni haya. Mama mkwe atakaanga vitumbua, na faida ya siku hizo ni yake. Jirani atalala na wawili wakubwa, nami nitalipa zamu atakapokwenda kwao kwenye arobaini. Baba watoto atapika ugali jioni. Alijifunza nilipokuwa nimelazwa kujifungua, ijapokuwa una madonge. Kitinda mimba bado. Ana miaka mitatu, hajawahi kulala bila mimi, na kila nikilifikiri hilo nataka kurudisha tiketi. Sijapata jibu lake.

Nina neno kwa ninyi pia, viongozi wa mkutano huu. Mwaanza saa mbili usiku, saa ambayo nusu ya akina mama waandishi wa mtaa huu wako jikoni. Kisha mwauliza mbona wanawake hawaji. Anzeni saa kumi alasiri, Jumapili, tandikeni mkeka mmoja nyuma kwa ajili ya watoto, na mwanamume mmoja akae nao kwa zamu. Mkeka ninao mimi, nitauleta.

Tiketi yangu ni ya Alhamisi alfajiri. Nikirudi nitawasomea nitakayoandika njiani, kama konda hatazima taa.