Yanayotendeka mahakamani nayo yaandikwe



Wazee wetu walisema mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Ipo mali moja ya nchi yetu inayopotea kila siku ya kazi, nayo ni yale yanayotendeka ndani ya vyumba vya mahakama.

Mtu wa Mpendae aliyewahi kufika mahakama ya Mwanakwerekwe, au ya Vuga, anajua kwamba sheria iliyomo vitabuni ni jambo moja na namna kesi inavyokwenda ni jambo jengine. Kitabu hakisemi kesi imeakhirishwa mara ngapi kwa sababu shahidi hakuja. Hakisemi mama anayedai matunzo ya watoto ameacha biashara yake ya maandazi siku ngapi ili aje kuambiwa arudi mwezi ujao. Hayo huyaona hakimu, karani, wakili na wenye kesi. Wakishatoka nje, yamekwisha.

Kazi ya kuyahifadhi ni ya majarida ya sheria. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina jarida lake, Eastern Africa Law Review, lililoanza mwaka 1968. Hapa kwetu, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoasisiwa mwaka 1992, kilianza mwaka 2011 kutoa kitabu cha kila mwaka kiitwacho Zanzibar Yearbook of Law. Kwa hiyo mtu asiseme hakuna pa kupeleka. Tuulize nani anapeleka, na anaandika nini.

Makala nyingi za wanasheria wetu hueleza kifungu kinasema nini. Hilo ni jema, lakini waliokaa kwenye benchi na kutazama kesi inavyoendeshwa mara nyingi wamekuwa wageni. Bibi Susan Hirsch, Mmarekani, alisikiliza kesi katika mahakama za makadhi za pwani ya Kenya, akatoa kitabu mwaka 1998. Watu walidhani mwanamke hana lake mbele ya kadhi. Yeye alionesha kuwa wanawake ndio waliokuwa wakipeleka kesi kwa wingi, na mara nyingi wakipata haki zao. Bibi Erin Stiles, naye Mmarekani, alifanya utafiti kama huo kwa kadhi wa kaskazini mwa Unguja, na kitabu chake kikatoka mwaka 2009. Nawapa heko wote wawili. Lakini kesi zilisemwa kwa Kiswahili, na vitabu vimeandikwa kwa Kiingereza. Yule mama aliyedai talaka hawezi kusoma alichoandikiwa.

Nitoe mfano wa jambo linalohitaji kuandikwa na sisi wenyewe. Kwa miaka mingi katika mahakama nyingi za Tanzania, khasa za juu, shahidi husema Kiswahili na mwenye kuandika huandika Kiingereza. Sasa shahidi akisema, "Nilimwona saa mbili usiku," mwandishi aliyechoka akaandika saa mbili kama ilivyo, Mzungu atakayesoma jalada ataelewa ni saa nane za usiku wetu. Mtu anaweza kufungwa kwa masaa sita hayo. Au katika kesi ya mirathi shahidi aseme, "Huyu ni ndugu yangu." Ndugu wa tumbo moja, wa baba mmoja, au mtoto wa ami yake? Kwa Kiswahili wote ni ndugu, lakini kwenye mirathi hawalingani. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama Tanzania Bara. Je, mwendo wa kesi umebadilika? Zanzibar, yenye mahakama zake, ina lipi la kujifunza hapo? Nani ameketi akahesabu?

Lipo na jengine la haraka zaidi. Katika miaka ya 1970, hadi mwaka 1985, tulikuwa na mahakama za wananchi, ambamo mawakili hawakuruhusiwa kumtetea mtu. Wapo wanaozisifu kwa wepesi wake, na wapo waliotiwa hatiani ndani yake bila ya msemaji. Waliokaa kwenye viti vile sasa ni wazee, na kila msiba unaondoka na faili lake. Vijana wanaosoma sheria Tunguu wanaweza kuwafuata barazani wakawasikiliza, leo, kabla ya mwakani.

Najua wanavyojibu. Wanasema jarida ni gumu, makala hurudishwa. Ni kweli. Mhariri hutoa jina la mwandishi, akawapa makala mabingwa wawili wasiomjua. Nao huuliza: umejuaje haya? Umekaa mahakamani siku ngapi? Mbona kesi uliyoitaja haina namba? Makala hurudi imejaa wino mwekundu. Huko si kufukuzwa. Ni kama fundi seremala anayerudishiwa mlango kwa sababu haukai sawa kwenye fremu. Anapiga randa na kuuleta tena. Wa kumkimbia ni yule anayekupokea siku hiyo hiyo kwa sharti la kutoa fedha kwanza. Huyo hasomi unachoandika.

Yapo na mambo ya kuchunga. Kesi isiyokwisha haihukumiwi katika jarida. Kesi za udhalilishaji na za watoto, majina hayaandikwi, wala mtaa, wala chochote cha kumtambulisha mtu. Mji wetu ni mdogo. Na anayetaka kupekua majalada aombe ruhusa kwa maandishi.

Nina ombi kwa wakubwa pia. Wahariri wa majarida wapokee makala za Kiswahili, au angalau kila makala iwe na muhtasari wa Kiswahili wa ukurasa mmoja. Mahakama nazo zimpe nafasi karani aliyekaa miaka ishirini kwenye masjala aandike pamoja na msomi wa chuo kikuu, jina lake liwe juu pamoja na la mwenziwe. Karani anajua mafaili yanakwama wapi. Bila ya yeye, msomi atabahatisha.