Michezo, Ushujaa na Sinema za Historia

(Hotuba iliyotolewa bwaloni siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Mimi ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ya kila siku ni mafaili na vikao. Sikuzoea kusimama mbele ya watu wenye njaa ambao wanasikia harufu ya pilau kutoka jikoni, kwa hiyo nitajitahidi nisiwachoshe.

Mkuu wa Shule alitugawia maswali ambayo vijana waliyaandika kwenye vikaratasi bila kutaja majina. Mengi yalihusu kazi na vyuo, na wenzangu wameyajibu vizuri asubuhi. Mimi nimebaki na mawili. La kwanza lasema: "Nipo katika timu ya shule. Goti langu linauma, hii ni wiki ya tatu. Nikisema nipumzike naambiwa mimi ni mwoga na nawaangusha wenzangu. Nifanye nini?" La pili limetoka kwa chama cha sinema: "Tunaruhusiwa kuonyesha sinema moja ya historia kila mwezi. Tuchagueje iliyo nzuri?"

Kwa kutazama tu, haya ni maswali mawili yasiyohusiana. Kwangu mimi ni ndugu wa tumbo moja, na nitaeleza kwa nini.

Mwaka 1996 nilikuwa Kidato cha Tatu hapa hapa, beki wa kushoto. Siku tatu kabla ya mchezo wa mwisho wa mashindano, goti langu lilivimba. Usiku wa kuamkia mchezo tulikusanywa bwenini, tukasimuliwa habari za John Stephen Akhwari, Mtanzania mwenzetu kutoka Mbulu, aliyeumia goti katika Olimpiki na bado akamaliza mbio. Hakuna aliyenitazama wakati wa kusimulia, lakini kila mtu alijua ni nani anayesemwa. Asubuhi nikafunga bendeji, nikacheza dakika zote tisini, na tukafungwa mabao mawili kwa moja. Goti lile halikupona sawasawa hadi leo. Ngazi za ofisini kwangu nazipanda nikishika ukuta.

Simlaumu mtu. Aliyetusimulia naye alikuwa amesimuliwa. Wala simpunguzii Akhwari heshima yake hata chembe. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika jiji la Mexico lililo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, alianguka njiani akaumia, akafungwa bendeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, giza limeshaanza, akiwa wa mwisho kati ya watu 57 waliomaliza. Kipande cha sinema kinachomwonyesha akichechemea kuelekea mwisho kimezunguka dunia nzima, na kinastahili.

Lakini nilipofika Chuo Kikuu nikaanza kusoma habari za mbio zile, nikakuta jambo ambalo sikusimuliwa bwenini. Katika mbio hizo hizo alikuwamo Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda marathoni ya Olimpiki mara mbili mfululizo, Roma mwaka 1960 na Tokyo mwaka 1964. Siku ile alianza mbio akiwa na mguu ulioumia, na kabla ya kufika nusu ya safari akatoka. Je, yupo anayemwita Bikila mwoga? Hayupo. Nchi yake haikuangushwa pia, kwa kuwa mshindi wa siku ile alikuwa Mwethiopia mwenzake.

Mnaona basi, vijana. Mbio zilikuwa moja, siku moja, na miguu iliyoumia ilikuwa zaidi ya mmoja. Mtu mmoja aliendelea, na tunamheshimu. Mwingine alisimama, na tunamheshimu. Wote wawili walikuwa watu wazima waliojua miili yao, na kila mmoja aliamua mwenyewe. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi na saba, na niliamuliwa na nusu ya hadithi.

Hapo ndipo ninapowajibu ndugu zangu wa chama cha sinema. Sinema ya historia ina saa mbili tu, nayo historia ina miaka. Kwa hiyo lazima kuna kilichofupishwa, kilichobuniwa, na mtu aliyeachwa nje. Hilo si kosa. Kosa ni kutazama kana kwamba hakuna kilichoachwa.

Nitoe mfano wa sinema ninayoipenda, "Chariots of Fire" ya mwaka 1981. Inaeleza habari za Eric Liddell, Mskoti mcha Mungu aliyekataa kukimbia mita 100 katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 1924 kwa sababu mchujo ulipangwa siku ya Jumapili. Katika sinema anapata habari hiyo wakati anapanda meli kwenda Ufaransa, na baadaye anakataa mbele ya wakubwa. Mtazamaji anashika roho mkononi. Kwa kweli Liddell aliijua ratiba miezi kadhaa kabla. Alisema mapema kwamba hatakimbia Jumapili, kisha akatumia muda uliobaki kujizoeza mita 400. Tarehe 11 Julai akashinda mbio hizo kwa sekunde 47.6.

Sinema inakufundisha kwamba ujasiri ni kusema hapana dakika ya mwisho. Historia inakufundisha kitu chenye faida zaidi: kwamba ujasiri ni kusema mapema, na kwamba kukataa mbio moja si kukataa kukimbia.

Kwa hiyo, chama cha sinema, ushauri wangu ni huu. Chagueni tukio ambalo maktaba yetu ina kitabu chake, au ambalo mzee fulani hapa kijijini alilishuhudia. Ulizeni sinema imetengenezwa na nani, na mwaka gani, maana kila mtengenezaji ana lake analotaka uamini. Kijana mmoja asome kabla. Taa zikiwashwa, asimame dakika kumi awaeleze wenzake kilichofupishwa, kilichobuniwa na nani ameachwa nje. Mkifanya hivyo, hata sinema yenye makosa itawafaa.

Na wewe mwenye goti. Sijui jina lako, na sitaki kulijua. Maumivu ya uchovu hupoa baada ya siku chache. Goti linalouma wiki tatu ni kazi ya mganga, si jambo la kupimwa kwa ushujaa. Nenda kwa mwalimu wa michezo leo, kabla ya chakula cha jioni, usingoje kesho wakati jezi zinagawiwa. Ukimwambia leo, atapata nafasi ya kumwandaa mchezaji wa akiba. Ukimwambia kesho uwanjani, utakuwa umemweka pabaya yeye na wenzako. Kisha omba kazi nyingine katika timu: kushika kibendera, kuandika mabao, kubeba maji. Ukiona aibu kwenda peke yako, nitafute baada ya mkutano huu, twende wote.

Mwisho, nawageukia wanafunzi wa zamani wenzangu. Kesho saa kumi jioni linachezwa kombe tulilolitoa sisi, na tutakaa kivulini tukipiga kelele. Tusisahau kwamba kelele zetu ni sehemu ya mzigo wanaoubeba watoto hawa. Tumechanga fedha za kombe, lakini niliangalia jana, na sanduku la huduma ya kwanza la uwanjani lina mkasi mmoja na chupa tupu. Naomba Umoja wetu ulijaze kabla ya mpira kuanza. Naomba vilevile tukubaliane kwamba kwa kombe linalobeba jina letu, kijana anayechechemea hapangwi, hata kama ndiye mfungaji bora. Mchango wa kwanza wa sanduku nimeuweka mezani kwa Mweka Hazina.

Tukifungwa kesho, tutafungwa kwa miguu mizima. Mimi nitashangilia.