Sarafu ya Daktari Cabot

Wahitimu wa haki jinai, hongereni. Najua wenzenu wa uhandisi wamewatania tangu mwaka wa kwanza kwamba hamsomi sayansi. Leo niwajibie.

Mwaka 1939, jirani na Boston, Marekani, ulianza mradi wa daktari Richard Cabot wa kuwanusuru wavulana wa Cambridge na Somerville wasije wakawa wahalifu. Walipangwa wawili wawili waliolingana umri, tabia na hali ya nyumbani. Kisha ikarushwa sarafu. Mmoja akapata mlezi wa kumtembelea, kumfundisha masomo, kumpeleka hospitali na kambi za likizo. Mwenzake akaachwa kama alivyo. Nasikia wazazi wanaguna. Gunieni tu, ila subirini.

Miaka 30 baada ya mradi kwisha mwaka 1945, mtafiti Joan McCord aliwafuatilia, jozi 253. Wengi wa waliosaidiwa walisema mradi uliwafaa. Kumbukumbu za mahakama, hospitali na vifo zikasema mengine. Uhalifu haukupungua. Waliosaidiwa walikufa mapema zaidi kwa wastani, dalili za ulevi zilikuwa nyingi zaidi kwao, na aliyekwisha kutenda kosa moja alielekea zaidi kutenda la pili. McCord akayachapisha hayo mwaka 1978. Baadaye yeye na wenzake walizishuku zile kambi, zilizowakutanisha watukutu na watukutu.

Bila sarafu ile, sote tungeapa kwamba mradi ulifaulu. Mashahidi walikuwepo, tena wenye shukrani. Kwangu hiyo ni sayansi kamili: wenye mradi walikubali mapema kupimwa kwa kipimo ambacho kingeweza kuwaumbua. Sisemi kila mnachokifanya kiko hivyo. Mwizi wa kuku anastahili miezi mingapi, hilo halina maabara.

Wengine mtapangiwa magereza, wengine ustawi wa jamii, wengine mtaajiriwa kwenye miradi ya vijana. Mtakaa semina, mtagawa fulana, mtapiga picha, na ripoti itaandikwa kwamba mradi umefanikiwa. Ulizeni: waliokosa nafasi wakoje sasa? Bosi atanuna. Mfadhili atasema bajeti ya kuwafuatilia hao haipo. Basi ombeni iwekwe kabla fulana hazijachapwa, maana mradi ukishazinduliwa na mheshimiwa, hakuna atakayetaka kusikia kitu kingine.