Watoto Wetu Wafike Kiwandani

Hotuba iliyotolewa katika sherehe ya Uhuru wa Tanganyika, Jeppestown, Johannesburg

 

Nimeombwa niseme machache juu ya elimu ya watoto wetu. Mimi ni muuguzi. Nilianza kazi nyumbani, kisha nikaja huku nikasoma mpaka nikapata shahada. Sikutegemea kwamba siku moja ningesimama mbele yenu kuzungumzia transfoma.

Mwaka huu darasa la binti yangu, anayesomea uhandisi wa umeme, lilikwenda kutembelea kiwanda kimoja mashariki mwa jiji hili. Walihitaji mtu wa huduma ya kwanza. Binti akaandika jina langu bila kuniuliza, nami nikaenda na kisanduku changu cha bandeji.

Kwanza tulionyeshwa mabati membamba ya chuma yakipangwa moja juu ya jingine mpaka yakawa kiini cha transfoma. Kisha waya wa shaba uliofungwa karatasi unazungushwa, mzunguko baada ya mzunguko. Wengi waliokuwa wakizungusha ni akina mama wa umri wangu. Hakuna aliyewasemesha wakati wakihesabu, kama vile wodini humsemeshi muuguzi anayehesabu pumzi za mgonjwa. Baadaye vyote vinakaushwa katika tanuri, maana unyevu ukibaki ndani utaharibu kazi yote. Mwisho vinaingizwa katika tangi, linajazwa mafuta, na transfoma inapimwa. Upande mmoja zinaingia volti 11,000, upande wa pili zinatoka 400, na kutoka hapo nyumba yako inapata 230.

Mwanafunzi mmoja akauliza mafuta yale ni ya nini. Fundi akajibu: yanapoza, na yanazuia umeme usiruke mahali usipotakiwa. Yakitoka, transfoma inaungua.

Hapo miguu yangu ililegea.

Nikiwa muuguzi kijana katika hospitali moja ya wilaya nyumbani, usiku mmoja umeme ulikatika. Jenereta halikuwa na dizeli. Mle wodini tulikuwa na kichanga aliyekuwa akipumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni. Nilimpulizia hewa kwa mkono, mwenzangu akinimulikia kwa tochi, mpaka alfajiri. Hakuishi. Asubuhi tuliambiwa wezi walikuwa wamefyonza mafuta ya transfoma iliyo kando ya barabara. Kwa miaka yote hiyo nilijiuliza mafuta na umeme vinahusiana vipi. Jibu nililipata juzi, nikiwa na kisanduku cha bandeji mkononi.

Ndugu zangu, sisi wazazi tunapenda mtoto awe daktari au muuguzi. Ni vizuri. Lakini mimi nawaambia, usiku ule wodi yetu haikukosa muuguzi. Ilikosa umeme.

Nanyi wanangu, msidhani vitu hivi hutengenezwa kwa wengine tu. Arusha kuna kiwanda cha TANELEC, kinatengeneza transfoma tangu miaka ya 1980. Mkienda likizo nyumbani, mkitoka Ngorongoro, ombeni na huko mkatazame.

Tunaishi katika mtaa ambao Septemba 2019 tuliona maduka ya wageni yakiporwa na kuchomwa. Wengine wenu mlikuwa wadogo, mlilala chini ya meza. Mwenye duka alipoteza kila kitu usiku mmoja. Fundi aliyeunguliwa na karakana alilia pia, lakini mikono yake ilibaki na kazi yake. Hilo mlikumbuke mnapochagua cha kusomea, wasichana na wavulana. Binti yangu nilimkataza uhandisi mwaka mzima, nikiogopa umeme. Leo, mbele yenu, namwomba radhi.

Wazee wetu walipopata Uhuru mwaka 1961 walisema Uhuru na Kazi. Uhuru tunausherehekea kila Desemba. Kazi nayo ina hesabu zake, waya zake na mafuta yake, na lazima wawepo watoto wetu wanaoijua.

Katibu ana daftari mlangoni. Mzazi anayetaka mtoto wake afike kiwandani mwakani aandike jina kabla ya kuondoka. Huduma ya kwanza nitatoa mimi.

 Heri ya Uhuru.